Protini ya kawaida au ya mbeba vyuma: figo zinasemaje?

Mtu mzima wa kilo 70 mwenye figo nzima hutosheka na gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito, yaani 56 kwa siku. Si nyingi: kikombe cha maharage yaliyoiva kina takriban 15, nyama ya ng'ombe iliyopikwa gramu 100 ina kama 26, yai 6.

Mbeba vyuma hula hata mara mbili ya hapo. Figo zake huchuja damu kwa kasi zaidi, na mwaka 1982 daktari wa figo Barry Brenner na wenzake walihofu kwamba kasi hiyo huzichakaza. Hofu ilikuwa na mantiki, ila uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa 2018 haukuona madhara kwa wenye afya. (Majaribio yenyewe ni ya miezi, si miongo.)

Kwangu mimi, asiyebeba vyuma hana haja ya kopo la unga wa protini. Pesa hiyo ikanunue dagaa na kunde. Mwenye kisukari au presha, kabla ya kuongeza protini, apime kwanza kreatinini ya damu (taka ya misuli ambayo figo huichuja) na albumini ya mkojo (protini inayovuja figo zikidhurika). Na usiku wa kuamkia kipimo, nyama choma aiache: huipandisha kreatinini hata figo zikiwa salama.