TrueNAS kama hifadhi ya pamoja ya klasta ya Proxmox nyumbani: uzoefu wangu

Seva zangu tatu ndogo za Proxmox (mfumo wa kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta za programu ndani ya seva) zinategemea NAS moja, seva ya hifadhi yenye mfumo wa TrueNAS, kupitia NFS (njia ya kushirikisha mafaili kwenye mtandao), na mashine pepe zinahama kutoka seva hadi seva bila kuzimwa kwa sababu kinachosafiri ni RAM tu. Naipa alama nzuri, ila kwa sharti: ipangwe kwa kuangalia jinsi data inavyoandikwa. Anayeanza kwa kuhesabu terabaiti hujikuta na sanduku kubwa lenye mwendo wa kobe.

Vifaa si vya ajabu. Kompyuta ya mezani ya mtumba, RAM GB 32 (TrueNAS inataka angalau GB 8), SSD ndogo ya mfumo peke yake na diski nne za TB 4. Hizo nne nimezipanga jozi mbili za mirror (kila diski ina nakala kwenye mwenzake), kwa hiyo kati ya TB 16 nabaki na 8. Wengi hukimbilia RAIDZ1 (nafasi ya diski moja tu hutengwa kwa ulinzi) ili wapate 12. Kwa filamu na picha inatosha kabisa, lakini mashine pepe huandika vipande vidogo huku na kule, na hapo kundi zima la RAIDZ hutoa takriban kasi ya diski moja. Jozi mbili hutoa ya diski mbili, na kwenye kusoma hadi nne. Diski ziwe CMR (mistari ya data haipandani). Za SMR (mistari inapandana) hukwama siku ya kubadilisha diski iliyokufa, yaani siku mbaya kuliko zote. WD Red Plus ni CMR, ila WD Red za kawaida zipo za SMR, kwa hiyo soma namba ya modeli, usitazame rangi ya lebo.

Panapoumiza ni sync, yaani uandishi unaongoja uthibitisho. Mashine pepe inapotaka uhakika kwamba data imeandikwa, ZFS (mfumo wa mafaili wa TrueNAS) haijibu "tayari" mpaka iwe imefika mahali ambapo umeme ukikatika haipotei. Diski za kuzunguka zinachoka hapo mapema. Dalili yake: kunakili faili kubwa kunakwenda vizuri, lakini apt upgrade ndani ya mashine pepe inajikokota, kwa sababu dpkg (kisakinishi cha programu) huita fsync (ombi la uhakika huo) mara kwa mara. Ushauri wa haraka utakaopewa ni sync=disabled. Kasi itaruka kweli, na umeme ukikatika utapoteza sekunde chache za mwisho huku hifadhidata kama PostgreSQL ikiamini zimeshaandikwa. Mimi simshauri mtu. Weka SLOG (diski ya pembeni inayopokea maandiko ya sync haraka): SSD yenye kapasita za kulinda data umeme ukikatika, zile za seva. SSD ya NVMe ya bei rahisi isiyo na kapasita hizo hulazimika kungoja kila andiko likamilike, na faida inayeyuka. Ukubwa si tatizo. GB 16 zinatosha hata kwa mtandao wa gigabiti 10.

Kwenye share ya NFS, weka Maproot User kuwa root (msimamizi mkuu), la sivyo Proxmox itaiona hifadhi lakini itagomewa ruhusa ikitaka kuunda diski. Kisha kwenye seva mojawapo:

pvesm add nfs nas --server 10.10.10.5 --export /mnt/tank/vm --content images

Diski za mashine pepe ziwe za muundo wa qcow2. Muundo wa raw juu ya NFS hauna snapshoti (picha ya hali ya diski unayoweza kuirudia). Hilo ndilo lililonitoa kwenye iSCSI (njia ya kutoa diski ghafi kwenye mtandao) pia: LVM (mfumo wa kugawa diski) ya pamoja juu yake haikuwa na snapshoti hadi Proxmox 9, na huko nako bado ni majaribio.

Mtandao wa gigabiti 1 unakupa kama MB 110 kwa sekunde kwa seva zote tatu zikigawana. Swichi ya gigabiti 2.5 inafika karibu 280, na kwa nyumbani sioni haja ya kupita hapo. Corosync (mawasiliano ya seva za klasta) ipewe kadi yake ya mtandao. Ikichanganywa na hifadhi, nakala rudufu ya usiku inaweza kuchelewesha pakiti zake, seva ikakosa kworamu (kura za wengi), na kama HA (kuhamishia mashine pepe seva nyingine moja ikifa) imewashwa inajizima na kuwaka upya yenyewe. Ukitumia MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya 9000, pima kwa ping -M do -s 8972. Lango moja la swichi likibaki 1500, ping ndogo zinapita na share inaunganika, halafu usomaji mkubwa unaganda.

Umeme ukirudi, seva huamka kabla ya NAS na mashine pepe zinashindwa kuanza. Dawa, kwenye kila seva:

pvenode config set --startall-onboot-delay 180

Kwenye kuzima, mpangilio ni kinyume. UPS iunganishwe na NAS, seva zipokee taarifa kupitia programu ya NUT na zizime kwanza. NAS ikitangulia, NFS inaendelea kungoja bila kikomo na seva zinagoma kuzimika; utalazimika kubonyeza kitufe.

Nakala rudufu zikae kwenye mashine nyingine, kwani NAS hii ikifa klasta nzima imesimama. Mwenye seva mbili tu, na anayeweza kuvumilia kupoteza dakika chache za data, asinunue NAS kwa kazi hii: replikesheni ya ZFS iliyomo ndani ya Proxmox hunakili diski kila dakika 15 usipobadilisha ratiba, na haihitaji kifaa cha tatu zaidi ya QDevice ya kupiga kura.