Darasa la lambda Ngamiani: zuri, ila zoezi la nne

Somo la lambda, yaani funksheni (vipande vya programu vinavyoitwa kufanya kazi) zisizo na jina, katika darasa la Jumamosi la Python, lugha ya kuandikia programu, hapa Ngamiani, Tanga, linaanzia kwa samaki, na hapo ndipo utamu wake. Ubaoni:

samaki = [("changu", 9000), ("pweza", 12000), ("kibua", 5000)]
sorted(samaki, key=lambda s: s[1])

Kibua anatangulia, pweza anafunga mkia. Badilisha s[1] (bei) iwe s[0] (jina), orodha inajipanga kwa alfabeti. Lambda imetungwa palepale, imetumika, imekwenda zake: waja leo waondoka leo. Jina la lambda lenyewe, herufi ya Kigiriki aliyoitumia mwanahisabati Alonzo Church miaka ya 1930, linapewa dakika mbili tu. Zinatosha.

Mwalimu anakataza, kwa haki, kuandika punguzo = lambda b: b * 0.9. Kama unaipa jina, tumia def, njia ya kawaida ya kuunda funksheni yenye jina. La sivyo programu ikikwama, ripoti ya kosa itakuonyesha <lambda> badala ya "punguzo", nawe utafute ni ipi kati ya kumi.

Tatizo ni zoezi la nne:

bei = [lambda kilo: kilo * b for b in (5000, 9000, 12000)]
bei[0](2)

Mwanafunzi anangoja 10000, anapata 24000. Karatasi inatoa dawa, lambda kilo, b=b: kilo * b, bila kusema ugonjwa ni nini. Ugonjwa ni huu: lambda haibebi bei, inabeba jina b, na thamani yake inaulizwa siku ya kuitwa. Wakati huo mzunguko umekwisha na b ni 12000, kwa hiyo zote tatu zinauza kwa bei ya pweza. Ukiandika b=b, bei inashikwa lambda inapoundwa. Asiyeelezwa hivi atakariri dawa, kisha ataumwa tena kwenye vitufe vya dirisha la programu, kila kitufe kikifanya kazi ya kile cha mwisho.

Nusu saa ya JavaScript, lugha nyingine ya programu, mwishoni ingeachwa tu. Mishale =>, lambda za huko, inapitiwa mbiombio, na kwamba haina this (neno linalotaja kitu ambacho funksheni inakifanyia kazi) yake yenyewe hakusemwi.

Anayekwenda awe anajua tayari def na orodha, na laptopu iwe na Python kabisa. Kuipakua darasani, kwa intaneti ile, kunakula saa ya kwanza.