Pleya ya santuri ya mtumba, na waya mmoja mwembamba uliokatwa

Katika yote niliyonunua, pleya yenyewe ndiyo iliyonisumbua kidogo. Kilichonila fedha na usingizi kwa wiki tatu ni vitu vinavyoizunguka: transfoma, kisanduku cha fono, waya za kuunganishia. Kwa hiyo kama na wewe unapigia hesabu pleya ya mtumba, usimalizie fedha zote dukani.

Chanzo ni sanduku la marehemu baba. Mna santuri hamsini na kitu, nyingi za 45, zile ndogo zinazozunguka mara 45 kwa dakika: taarabu ya Black Star na Lucky Star, Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, yaani ile Tanga anayoisimulia mama na mimi sikuikuta. Pleya ya baba iliuzwa kabla sijaanza shule. Sanduku likabaki uvunguni, hapa hapa Ngamiani, likila unyevu wa pwani.

Yangu nimeipata Dar, kwenye duka linaloshusha makontena ya vitu vya Japani, kwa 180,000. Sahani inazungushwa na mkanda wa mpira, mkono wa sindano umenyooka, kifuniko kimechubuka ila bawaba zinashika. Muuzaji akaiwasha, sahani ikazunguka vizuri, akaniambia, "Kaka, nzima hiyo, we kachomeke tu." Sikuuliza kwa nini yeye ameichomeka kwenye kidude kizito kilichofichwa chini ya meza.

Nashukuru nina tabia ya kusoma stika. Nyuma imeandikwa volti 100, hezi 50/60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde), wati 6. Umeme wetu ni 230. Ningefuata maneno ya yule bwana ningenusa harufu ya kuungua kabla santuri haijamaliza upande mmoja. Hiyo 50/60 ni kwa sababu Japani mashariki wanatumia hezi 50 na magharibi 60. Pleya ambayo mota yake inafuata hezi itakwenda mbio au itajikokota ukiihamisha, isipobadilishwa puli. Mota ya yangu ni ya DC, haifuati hezi, hilo halinihusu.

Transfoma za kushusha nilizozikuta madukani zinatoa 110, kwa ajili ya vitu vya Marekani. Pengine ingevumilia, lakini kitu cha miaka arobaini sikutaka kukitia majaribuni. Nikaenda kwa fundi anayesuka mota, mzee mmoja, akanisukia ya 100 kwa 35,000. Alipoona wati 6 alicheka: "Mwanangu, hii umeniletea kazi au kitaa cha usiku?"

Sasa santuri ya kwanza. Nikatoa zile waya mbili, nyekundu na nyeupe, nikazichomeka nyuma ya sabufa yangu ya kawaida, tundu la AUX. Mama akavuta kiti. Nikashusha sindano. Kikatoka kitu kama mbu ndani ya chupa. Besi hakuna, ngoma hazipo, mwimbaji anaimba kwa mbali kama yuko Pangani. Nikafungua sauti mpaka mwisho, nikaongeza mngurumo tu. Mama akasubiri wimbo uishe kwa heshima, akasema, "Baba yako hakuwa anasikiliza hivi."

Hapo wengi huanza kumlaumu muuzaji, au hurudisha pleya. Haikuwa mbovu. Katriji, kile kidude kinachoshika sindano, inatoa milivolti nne hivi. Deki ya CD inatoa karibu volti mbili, mara mia tano zaidi, na tundu la AUX linategemea kitu cha kiwango hicho. Halafu kuna jambo la pili ambalo hata kuongeza sauti hakulitibu. Santuri inapochongwa, besi hupunguzwa makusudi ili mifereji isipanuke ikala nafasi yote, na sauti kali huongezwa ili mchakacho uje kuzimwa baadaye. Kipimo cha kupunguza na kuongeza kinaitwa RIAA, kimekuwa cha kawaida tangu 1954. Lazima kiwepo kifaa cha kugeuza hayo yote. Amplifaya za zamani zilikuwa nacho ndani, tundu limeandikwa PHONO. Sabufa zetu hazina.

Kifaa hicho ni priampu ya fono, kisanduku kama pakiti ya sigara. Changu nimekiagiza Kariakoo, 65,000, kikaja na basi. Ndicho ninachokipa nyota tano bila kusita. Ile ile santuri, ile ile sindano, na gitaa la besi likaingia sebuleni kama mtu aliyepiga hodi.

Pamoja na nyuki. Mvumo mmoja, mzito, hauishi, hata santuri ikiwa imesimama.

Huu ulinitoa jasho siku tatu. Nikabadilisha plagi, nikahamisha friji. Kijana anayenitengenezea simu akashauri tupigilie msumari wa ethi nje ya dirisha. Mwisho nikaigeuza pleya kichwa chini (sahani nimeshaitoa, msije mkaiga vibaya) na karibu na zile waya mbili nikaona kisiki cha waya mweusi, mwembamba, umekatwa kwa mkasi. Huo ndio waya wa ethi wa pleya. Hauendi ukutani wala kwenye msumari, unakwenda kwenye skrubu ndogo iliyo nyuma ya priampu, na mimi hiyo skrubu nilidhani ni ya kufungulia boksi. Nikaunga kipande, nikakaza. Nyuki wakahama. Aliyebaki mmoja alikuwa wa transfoma, nilikuwa nimeibana ubavuni mwa kisanduku. Nikaisogeza mita moja, kimya.

Waya nazo zina adabu zake. Kati ya pleya na priampu ziwe fupi na zenye ngao nzuri, mita moja inatosha. Ukizirefusha, waya yenyewe inaanza kubadilisha sauti kali. Urefu uweke baada ya priampu. Jeki za zamani zilikuwa na kutu ya kijani, chumvi ya bahari haina huruma, nikazisugua kwa spiriti na kifutio cha penseli.

Sindano iliyokuja na pleya ilikuwa imepinda, nikanunua katriji ya Audio-Technica, AT-VM95E, ile yenye sindano ya kijani. 190,000, naam, kuliko pleya. Inataka kukanyaga kwa gramu 2. Kwanza unazungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee wenyewe hewani, haupandi haushuki, ndipo unaongeza. Sikuziamini namba za kwenye uzito, nikaazima mizani ya sonara: 2.6. Ningekuwa nazilima santuri za baba. Karatasi ya kupimia pembe ya katriji nilichapisha steshenari, wakaipunguza ili ienee kwenye A4, na vipimo vyote vikawa uongo. Pima kwa rula kabla hujaiamini.

Pleya nimeiweka juu ya meza ya cherehani ya mama, sabufa iko sakafuni upande wa pili. Zilipokuwa kwenye kabati moja, besi ilirudi kwenye sindano na nyumba nzima ikanguruma.

Ukungu nimeuosha kwa maji na tone la sabuni ya vyombo, lebo nikiikinga isilowe. Mna tatu za 78, za zamani zaidi zinazozunguka mara 78 kwa dakika, ambazo sijazigusa: zinataka sindano nene zaidi, na spiriti huziyeyusha, kwa hiyo zimekaa kwenye foronya mpaka nipate sindano yake.

Jumla ni 470,000 bila nauli. Mama sasa anajua kushusha mkono mwenyewe, kwa vidole viwili kama anayetoa mwiba. Umeme ukikatika katikati ya wimbo ananiita kwa jina langu lote, nikanyanyue sindano na kuzima sabufa kabla haujarudi.