Mshauri wa kliniki ya mama na mtoto, Lamu: mwendeeni, ila huduma yake ingeanza ndani ya arobaini

Nampa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano nitaeleza kwa nini nimeizuia. Ninayempima hapa ni mshauri nasaha anayekaa na akina mama waliojifungua, katika kliniki moja ya mama na mtoto kisiwani kwetu Lamu. Mengine ya kliniki hiyo, foleni na mizani na viti, wengine watayasema. Jina la kituo sitaliandika. Mji wetu vichochoro vyake vyajuana, na ukitaja kituo na siku, watu watajua nani alipita mlangoni. Mdogo wangu ameniruhusu kusimulia kwa sharti hilo.

Alijifungua mtoto wake wa pili salama, akaletwa nyumbani kwa mama yetu Langoni kukaa arobaini kama ilivyo ada. Hakukosa kitu. Mkandaji alikuja kila asubuhi na mafuta yake ya simsim, uji wa pilipili manga uko, supu ya pweza iko, ubani unafukizwa jioni. Siku ya tatu akaanza kulia. Mama akasema ndivyo ilivyo, maziwa yanaingia, na alikuwa na haki ya kusema hivyo: machozi ya siku za mwanzo huwapata wanawake wengi sana, na kwa kawaida huisha kabla ya wiki mbili kutimia. Ya mdogo wangu hayakuisha. Yalikauka yakaacha kitu kizito zaidi. Alikuwa akimnyonyesha mtoto huku ametazama ukuta. Usiku hakulala hata mtoto alipolala. Alikuwa amekaa kitandani, mkono kifuani mwa mtoto, kusikiliza kama apumua. Shemeji alipokuja kumwona mwanawe, yeye alijifunika shuka akageuka upande.

Nyumbani maneno yakaanza. Huyu alisema amekanyaga pabaya, yule alisema jicho. Mwalimu wa Kurani akaitwa, akamsomea, akamwandikia kombe, yaani aya zinazoandikwa kisha kuoshwa kwa maji, akanywa. Sina neno juu ya hilo. Tulimwombea kwa nia safi na tunaendelea kumwombea.

Arobaini ikaisha, na siku chache baadaye ikafika chanjo ya wiki sita. Hapa ndipo naisifu huduma hii. Mama wa kisiwani hatafunga safari kwenda kumwona mtu wa mambo ya akili. Ataonekana, na watu watasema kapata kichaa. Lakini mtoto lazima achanjwe, na hakuna anayeuliza kwa nini unaenda kliniki na kitabu chako mkononi. Kituo hiki kimeliona hilo. Muuguzi alipomaliza kumpima mtoto uzito na kumdunga sindano, alimgeukia mama yake, akauliza: "Na wewe, mwanangu, mtoto akilala, wewe walala?" Mdogo wangu akajibu, "Silali." Kwa jibu hilo tu tukaonyeshwa chumba cha pili.

Mshauri ni mama wa makamo, msema Kiswahili chetu, na hilo ni jambo kubwa, maana kuna maumivu ambayo mtu hawezi kuyasema katika lugha ya darasani. Alisalimia, akamshika mtoto kwanza, akamsifu na kumtakia heri, kisha akaeleza anachotaka kufanya kabla hajakifanya. Ana karatasi ya maswali kumi. Maswali hayo yalitungwa Scotland na kuchapishwa mwaka 1987, na leo yanatumika nchi nyingi. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, kwa hiyo jumla haipiti 30. Yanauliza juu ya siku saba zilizopita tu. Umeweza kucheka na kuona jambo la kuchekesha? Umejilaumu mambo yalipoharibika, hali kosa si lako? Umeingiwa na hofu isiyo na sababu? Nilipenda jinsi usingizi unavyoulizwa. Mama gani mwenye mtoto mchanga analala? Kwa hiyo karatasi haiulizi umelala saa ngapi. Inauliza kama huzuni ndiyo inayokunyima usingizi. Aliyeitunga alijua nyumba yenye mtoto ikoje.

Alama 10 na kuendelea zinamfanya mshauri aketi na mtu kwa muda mrefu zaidi, na zikifika 13 uwezekano wa unyogovu, yaani maradhi ya huzuni nzito, ni mkubwa. Alitueleza pia kuwa alama peke yake haimwiti mtu mgonjwa. Lazima ayafuate mazungumzo, na mazungumzo aliyafanya kweli, bila kutazama saa, ingawa nje kulikuwa na akina mama wengine.

Swali la kumi ni zito kuliko yote: je, wazo la kujidhuru limekujia? Hapo mshauri aliniomba nimchukue mtoto nikae nje. Alichojibu mdogo wangu ni chake, nami siandiki. Lakini nataka wasomaji wajue mshauri alisema nini kabla ya kuuliza, maana mdogo wangu alinisimulia. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai hapa Kenya, na watu wengi walifunga midomo kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Mshauri humwambia kila mama habari hiyo, kisha ndipo anauliza. Katika yote aliyotufanyia, hilo naliona ndilo la busara zaidi. Huwezi kumwomba mtu akufungulie moyo huku anafikiria pingu.

Niliporudi ndani alitupa maelezo sote wawili, na hapo nilijifunza mengi. Unyogovu baada ya kujifungua waweza kuanza hata mimba ikiwa bado tumboni, au wakati wowote ndani ya mwaka wa kwanza. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa kiasi cha asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua wana maradhi ya akili, zaidi unyogovu, na katika nchi zinazoendelea hukaribia asilimia 20. Yaani katika foleni ile ya chanjo tuliyoiacha nje, hatukuwa peke yetu. Huzuni na wasiwasi mara nyingi huja pamoja. Ule mkono kifuani mwa mtoto usiku kucha ulikuwa wasiwasi, akasema, nao una tiba yake. Aliyewahi kupata unyogovu zamani yuko karibu zaidi kuupata tena. Vilevile aliye na ugomvi au kipigo nyumbani, aliyefiwa, na asiye na mtu wa kumpokea mtoto.

Alitutenganishia na hali nyingine, adimu, inayompata mama mmoja au wawili katika kila 1000 waliojifungua, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo. Huyo hulala kidogo mno na bado ana nguvu nyingi, husema haraka na kuruka mada, husikia sauti, hushikilia kuwa mtoto si wake au kuwa mtoto ana jambo baya. Hiyo ni dharura. Usingoje kesho, usimwache peke yake na mtoto, mpeleke hospitali siku ile ile. Nimeiandika hapa kwa makusudi, kwa sababu ndiyo hali ambayo kwetu hucheleweshwa zaidi, mgonjwa akizungushwa huku na huku hadi achoke.

Mama yetu, aliyekuja naye mara ya pili, alimuuliza waziwazi juu ya kombe. Nilimshikia mshauri pumzi. Alijibu: "Mama, endeleeni kumsomea. Sitaki aache dua. Nataka tu asiache dawa." Mama alitoka pale ametulia kuliko nilivyomwona tangu mtoto azaliwe, na tangu hapo yeye ndiye anayemkumbusha kidonge.

Dawa yenyewe aliiandika daktari, si mshauri, baada ya kupimwa damu. Walitaka kujua kama damu imepungua, na kama tezi ya shingo inafanya kazi sawa, kwa kuwa vyote viwili vyaweza kumfanya mzazi awe mzito na mnyonge. Akaandikiwa setralini, dawa ya unyogovu, ambayo hupita kwa kiasi kidogo sana katika maziwa, kwa hiyo hakuambiwa aache kunyonyesha. Hilo lilikuwa hofu yake kuu. Waliosema nasi walikuwa wakweli: haifanyi kazi siku ya pili. Inachukua wiki mbili hadi nne kabla mtu hajaona tofauti, na ukipata nafuu huiachi ghafla wala peke yako, unaendelea kwa miezi kadhaa mpaka daktari aseme. Laiti kila duka la dawa lingetoa maelezo haya. Dada zangu wangapi wameacha kidonge wiki ya kwanza wakisema hakifai?

Mazungumzo na mshauri yaliendelea sambamba na dawa. Hakumhubiria mdogo wangu kuwa ashukuru ana mtoto mzima. Alimpa vitu vidogo vya kufanya: kutoka darini alasiri akapate upepo, kumwachia mtu mtoto kwa muda aliopanga mwenyewe, kula na wenzake badala ya kuletewa sahani chumbani. Akamwita shemeji naye. Shemeji ni mvuvi, hana maneno mengi, lakini alitoka pale na kazi: kuamka usiku mara ya kwanza mtoto anapolia, ambadilishe nguo, kisha ndipo amlete kwa mama yake. Anafanya hivyo mpaka leo.

Sasa kasoro. Chumba cha mshauri kimetengwa na foleni kwa pazia. Pazia! Tuliokaa nje tulisikia sauti, na mimi nilianza kumwimbia mtoto kwa nguvu ili wengine wasisikie ndani. Huduma inayouliza swali la kumi inahitaji mlango wa mbao unaofungika. Pili, dawa haikuwapo kituoni, tukainunua duka la dawa mjini, na si kila nyumba itaweza mwezi baada ya mwezi. Tatu, mshauri hakai kila siku, na siku zake hazikuandikwa popote.

Lakini nyota niliyoizuia haikuondoka kwa sababu ya pazia. Nimeizuia kwa sababu huduma inaanza wiki ya sita, na mdogo wangu aliugua wiki ya kwanza. Siku zote zile alikuwa ndani, nyuma ya kuta nene, na mtu pekee wa nje aliyemwona kila siku alikuwa mkandaji. Mkandaji anamshika mwili mzima. Anajua nani hali chakula, nani hasemi, nani hamtazami mwanawe. Yule wetu alituambia mapema, "Huyu hayuko sawa," lakini hakuwa na pa kumpeleka wala la kufanya zaidi ya kutuambia.

Mshauri mwenyewe alinisimulia habari ya Harare, Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kufundisha nyanya wa mtaa wa Mbare, 14 kwa mwanzo, kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza nao kwa mpango maalumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliozungumza na wale nyanya walipungukiwa na dalili kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nasi tunao wakandaji, wakunga na makungwi, wanaoheshimiwa, wasiokataliwa mlangoni. Wafundisheni maswali yale kumi. Wapeni karatasi ya kumwandikia mama kuja kliniki, na wapeni nauli. Hawa wako ndani ya nyumba tayari, wiki tano kabla ya chanjo. Naomba wakuu wa kituo walisome hili kama ombi la mtu anayewatakia mema. Nami niko tayari kwenda na yeyote wao kwa yule mkandaji wetu, hata kesho baada ya kumaliza kuuza mahamri.

Kwa wanaotaka kwenda: mazungumzo hatukuyalipia. Beba kitabu cha kliniki na dawa zozote unazotumia, hata za miti, na uzitaje. Nenda na mtu unayemwamini, lakini akubali kutoka nje akiombwa. Hali ikizidi usiku na hujui la kufanya, Msalaba Mwekundu wa Kenya wana laini ya 1199, haikati salio, na wanazungumza Kiswahili. Anayehitaji kulazwa kwa maradhi ya akili, Port Reitz ya Mombasa ina wodi yake. Ni safari ndefu ya basi kutoka Mokowe, upande wa bara, kwa hiyo mwulize daktari mapema nani atakuandikia barua.

Na ukitoka Faza, Siyu au Kizingitini, kisiwani Pate, uliza siku za mshauri kabla ya kupanda boti, kisha ukifika tu mwambie muuguzi wa mizani kuwa unarudi kwa boti inayofuata maji ya alasiri. Tulimwona akiwatanguliza waliosema hivyo.