Nyaya mbili na waya wa umbo la nane kwenye kiwiko cha mzee: uzoefu wangu

Naipa njia hii ya kuunga kwa nyaya ncha ya kiwiko iliyovunjika nyota 3 kati ya 5. Nyota 2 zilizobaki zimepotelea kwenye ngozi na mifupa ya wazee. Vyuma vyenyewe sivilaumu.

Ncha ya kiwiko ikikatika kwa mstari mmoja, msuli wa trisepsi, ule wa nyuma ya mkono wa juu, huivuta juu na mgonjwa hushindwa kunyoosha mkono. Hapo nyaya hufaa. Mbili ngumu za milimita 1.6 hupitishwa sambamba hadi zitoboe gamba la mbele la alna, mfupa wa kigasha wenye ncha hiyo ya kiwiko. Zikiishia katikati ya mfupa uliokonda hazina pa kushika, zitarudi nyuma na kuchoma ngozi. Zikichomoza mno mbele, huzuia kiganja kugeuka au hujeruhi neva. Mimi huzivuta nyuma kidogo, nikazikunja vichwa, kisha nikazigonga zizame chini ya trisepsi. Waya laini wa milimita 1 hupita kwenye tundu lililo kama sentimita 4 chini ya mvunjiko na kuzunguka kwa umbo la nane. Upite chini ya kano ya trisepsi, ugusane na mfupa. Ukipita juu ya kano utaikata taratibu, halafu utalegea. Usokote pande zote mbili ili mvunjiko ubanwe sawasawa.

Mfupa ukisagika vipande vipande, achana na nyaya: ukizikaza, kiungo hufupika na kubana. Tumia bamba na skrubu, ingawa nalo hulala chini ya ngozi nyembamba kama karatasi.

Mzee wa miaka 75 na zaidi asiye na kazi nzito, kiungo chake kikiwa hakijateguka na hakuna kidonda wazi, mara nyingi hafaidiki na kisu hata kidogo. Jaribio moja dogo lililochapishwa 2017 lilisitishwa mapema kwa sababu waliopasuliwa walipata matatizo kupita kiasi. Bila upasuaji nguvu ya kunyoosha hupungua, lakini kula, kuvaa na kuoga huendelea.

Ukishafunga nyaya, usimwekee plasta ya wiki 6, kiwiko kitakakamaa. Aanze kukikunja ndani ya siku chache, ila kwa wiki 6 asijisukume kwa mkono huo anapoinuka kitini. Anayetembelea fremu aulizwe mapema, kabla ya upasuaji: uzito wa mwili ukipitia mkono huo, waya hukatika. Kuutoa ni baada ya mfupa kuunga, na ni pale tu unapomsumbua.