Miezi minane na kikundi cha waandishi wa ridhaa wa matembezi: uzoefu wangu

Sentensi iliyonifanya nijiunge rasmi, baada ya kuhudhuria mara mbili kama mgeni, ilikuwa yangu mwenyewe: "Mwezi mpevu ukachomoza nyuma ya mlima saa sita ya usiku." Niliipenda sana. Niliisoma kwa madaha, nikanyamaza kungoja sifa. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi melini akavua miwani yake. "Mwanangu," akasema, "mwezi mpevu huchomoza jua linapozama, maana jua na mwezi siku hiyo viko pande mbili zinazotazamana, sisi tuko katikati. Saa sita ya usiku unakuwa umefika juu kabisa, ndiyo kwanza unaanza kushuka. Unaochomoza usiku wa manane ni nusu, ule unaokwenda kuisha."

Nilitaka kujitetea kwamba mlima uliuficha. Kanuni ya kikundi, kwamba mwandishi hajibu wakati wengine wanatoa maoni, ilinifunga mdomo, na ni heri, kwa sababu mlima wa kuficha mwezi saa sita nzima ungekuwa umetuinamia utosini. Nilipofika nyumbani nikafungua daftari la safari ile. Humo hamna mwezi hata kidogo. Nilikuwa nimeandika: "Baridi. Nimelala mapema." Mwezi wote ule niliuazima kwenye maandishi ya watu wengine!

Nimekuwa nikiandika habari za matembezi, kambi na ndege kwa miaka kadhaa, kwa kujifurahisha tu. Ndugu na marafiki walikuwa wakinisomea na kuniambia "nzuri sana, endelea." Niliendelea. Makosa nayo yakaendelea.

Utaratibu wa kikundi ni mwepesi. Kila wiki ya pili watu wawili huleta rasimu, isiyozidi kurasa tatu, na huituma siku chache kabla ili kila mmoja aisome kwa utulivu. Siku ya kukutana mwandishi husoma ukurasa wa kwanza kwa sauti. Hapo tayari nusu ya kazi imefanyika, kwa sababu ulimi hukwama palepale ambapo sentensi imekwama. Kisha anakaa kimya. Wengine huzunguka kwa zamu, kila mmoja dakika tatu, bila kukatizana. Mwandishi hupewa nafasi mwishoni kabisa. Utaratibu huu haukuzaliwa kwetu. Unatokana na mikutano ya waandishi wa hadithi za kisayansi iliyoanza mwaka 1956 katika mji wa Milford, Pennsylvania, na umesambaa kwa sababu unafanya kazi. Ukijua huwezi kujibu, unaanza kusikiliza. Mara tatu za kwanza niliuma kalamu hadi kifuniko kikapasuka.

Swali linaloulizwa kuliko yote ni hili: "Ulikuwa umesimama wapi?" Mwanzoni lilinikera. Niliandika kwamba mandhari ilikuwa ya kuvutia na upepo ulivuma kwa nguvu, nikaulizwa nilikuwa nimesimama wapi. Ukingoni au bondeni? Upepo ulitoka upande gani, na nilijuaje kwamba una nguvu? Nikarudi kwenye kumbukumbu, safari hii ya kweli, nikaandika: "Upepo ulinivua kofia mara mbili. Mara ya pili sikuifuata." Ni sentensi mbili fupi zisizo na sifa hata moja, na ndizo pekee katika andiko lile ambazo watu bado wananikumbusha.

Wanakikundi wanajua mambo ya nje, na hii ndiyo tofauti yao na kikundi cha uandishi cha kawaida nilichowahi kukijaribu, ambako ungeweza kuwaambia watu kwamba mto umepanda kilima na wangekusifu kwa taswira. Hapa mwenzetu mmoja aliandika kwamba walipanda mita 1,200 kwa saa moja, wakiwa na mizigo. Binti mmoja anayeongoza watu milimani akatabasamu, akataja kanuni ya Naismith ya kukadiria muda wa kutembea milimani, ya tangu 1892: saa moja kwa kila kilomita tano za njia, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hesabu hiyo, kupanda peke yake kulihitaji saa mbili, bado hujagusa umbali. Ikabainika kwamba saa moja ile ilianza kuhesabiwa baada ya mapumziko. Hakuna aliyemwita mwongo. Alirekebisha, na andiko likawa zuri zaidi, kwa sababu sasa uchovu ulionekana.

Lakini kama ningeambiwa nichague kitu kimoja cha kubaki nacho, ningechagua zoezi la dakika kumi. Mara moja kwa mwezi tunakutana nje. Kila mtu anatafuta mahali pake, anakaa, anaandika anachokiona na kukisikia kwa mfuatano wake, bila neno la kusifia wala kufananisha. Hakuna "kama", hakuna "mithili ya". Tunatumia penseli, kwa sababu maandishi ya penseli hayachuruziki yakinyeshewa. Niliijifunza hiyo kwa hasara ya kurasa nne za wino. Siku ya kwanza dakika mbili ziliniishia nikiwa nimemaliza miti, mawingu na ndege wawili. Nikabaki nakodoa macho chini. Pale karibu na kiatu changu sisimizi alikuwa akiburuta bawa la nondo kubwa kuliko yeye mara nyingi. Bawa lilikwama kwenye shina la jani. Akalivuta, likagoma. Akaliachia, akalizunguka, akalishika upande ule mwembamba, likapita kiubavu. Niliandika yote hayo, na nilipoinua kichwa wenzangu walikuwa wamesimama wananingoja. Zilipita dakika kumi na tano.

Tangu siku hiyo daftari langu limebadilika. Zamani nilikuwa naandika hisia: nimefurahi, nimechoka, pazuri. Sasa naandika saa, upande wa upepo, sauti, harufu, alichosema mtu kwa maneno yake. Hisia naweza kuzikumbuka nikiwa mezani. Sauti ya kokoto chini ya viatu vilivyolowa siwezi.

Kasoro zipo, na nisingependa mtu ajiunge akidhani anaingia peponi. Orodha ina majina mengi kuliko viti vinavyokaliwa. Wapo wanaoleta rasimu zao, wanapata maoni, kisha hawaonekani mpaka rasimu nyingine iwe tayari. Ratiba nayo huvunjika: mkutano uliahirishwa mara tatu mfululizo, mara moja tukiwa njiani. Kuna mwenzetu mwenye tabia ya kukuandikia upya aya nzima kwa mtindo wake, kisha anakukabidhi kama zawadi. Nilimshukuru mara ya kwanza. Mara ya pili nilimwomba, kwa heshima, anioneshe tu penye tatizo, fundi ni mimi.

Na lipo jambo ambalo sioni likitajwa wakati wa kusifia vikundi: mkikaa muda mrefu pamoja mnaanza kuandika kama watoto wa tumbo moja. Kufikia mwezi wa tano karibu kila rasimu ilikuwa na sentensi fupifupi, mdudu mmoja aliyetazamwa kwa karibu, na mwisho uliokatika ghafla. Mwenzetu aliyekuwa na maneno mengi matamu, mwenye kupenda kuzungukazunguka kabla ya kufika, alipunguzwa na kupunguzwa hadi akawa sisi. Nami nilishiriki kumpunguza. Najuta.

Siku iliyoniuma ni ile niliyopeleka andiko la mimi na marehemu baba tulivyopotea msituni nikiwa na miaka kumi na mmoja. Nililiandika kwa mwezi mzima. Zamu zikazunguka: mmoja akasema alama za mkato ni nyingi, mwingine akauliza dira ilikuwa ya aina gani, wa tatu akataka kujua kwa nini hatukufuata kijito kushuka nacho. (Kufuata kijito kunaweza kukufikisha kwenye maporomoko, lakini nilikuwa nimefungwa mdomo.) Kila walichosema kilikuwa sahihi. Nilikaribia kuondoka na nisirudi.

Wakati wa kufunga, mama mmoja mstaafu ambaye huwa haongei sana alinifuata mlangoni. Akaniuliza, "Mlipoiona njia, baba alisema nini?" Nikamwambia hakusema kitu. Alikaa juu ya gogo, akanipa chupa ya maji ninywe kwanza, na mkono wake ulikuwa unatetemeka. "Sasa mbona hukuandika hivyo?" Andiko langu lilikuwa linaishia kwa aya nzima kuhusu msitu na mafunzo ya maisha. Niliifuta yote. Sasa linaishia kwenye chupa.

Kwa hiyo, kama unatafuta mahali pa kusifiwa, baki na ndugu zako. Kama maandiko yako bado ni mabichi kiasi kwamba neno moja kali litakufanya uyachane, subiri kidogo, au uanze kwa kuhudhuria zoezi la nje tu, wanaruhusu. Usipeleke kila kitu. Mimi sasa napeleka rasimu ya pili, kamwe si ya kwanza, na maandiko mengine hayafiki kwao kabisa. Na uwe tayari kusoma za wenzako kwa makini uleule unaotaka kusomewa, kwa sababu nimejifunza zaidi kwa kutafuta kwa nini aya ya mtu mwingine inachosha kuliko kwa kuambiwa kuhusu yangu.

Nimejiandikisha tena kwa awamu inayofuata. Zamu yangu ni wiki ya pili, nina rasimu ya kuvuka mto, na jana nimegundua hakuna popote nilipoandika maji yalikuwa yanatoka upande upi. Jumamosi nairudia njia ile.