DAC moja, amplifaya mbili za hedifoni: kipi ununue kwanza na kipi ukiache dukani

Mtu akishakuwa na amplifaya ya hedifoni ya transista, haipiti muda anataka na ya valvu (zile taa za kioo), alafu anakaa anawaza DAC (kifaa kinachogeuza muziki wa kidijitali kuwa umeme wa sauti) anayo moja tu, sasa azichomeke vipi zote bila sauti kushuka au kuchafuka. Akienda kuuliza dukani anauziwa boksi la bei mbaya. Mi nasema mapema kabisa, wengi wenu mnahitaji waya tu, na pesa iliyobaki ongezea kwenye hedifoni. Ila kuna mambo mawili yanayoharibu kweli sauti na ndo yaliyonifanya nipange hivi nilivyopanga.

Kwanza hesabu kidogo, usiikimbie. Matokeo ya laini ya DAC, yani jeki zinazotoa sauti kwenda amplifaya, huwa na ukinzani mdogo, tuseme ohm 100, na mlango wa kuingizia wa amplifaya huwa ohm 10,000 kwenda juu, kuna za 50,000. Ukichomeka moja ya 10,000 unapoteza kama desibeli 0.09, ukiongeza ya pili unafika karibu 0.17, yani tofauti ambayo sikio halina habari nayo, na inashuka kwa besi na treble sawasawa kwa hiyo rangi ya sauti haibadiliki. Hata zikiwa nne unapoteza kama 0.34 tu, unagusa kitufe cha volyumu kidogo maisha yanaendelea. Kwa hiyo anayekwambia "ukigawa laini ubora unagawanyika nusu kwa nusu" anakuuzia kitu.

Namba 1: usinunue kitu, geuza DAC uangalie mgongoni. DAC nyingi za daraja la kati kama Topping D90 au SMSL SU-9 zina RCA (jeki ndogo za duara, nyekundu na nyeupe) na XLR (jeki kubwa za pini tatu) kwa pamoja, moja inapeleka amplifaya hii na nyingine ile. Soma kijitabu kwanza maana kuna DAC zinazokutaka uchague tokeo moja kwenye menyu. Na kumbuka XLR kwa kawaida inatoa volti 4 wakati RCA inatoa 2, kwa hiyo ukilinganisha amplifaya mbili ile ya XLR itakuwa na sauti kubwa zaidi na utadhani ndo nzuri, kumbe ni volyumu tu.

Namba 2: waya wa Y wa RCA. Hapa ndo pa watu wengi. Unahitaji Y mbili, moja ya kushoto moja ya kulia, kila moja dume moja kwa majike mawili, alafu waya zako za kawaida kutoka hapo kwenda kwenye amplifaya. Nasisitiza kwa sababu Kariakoo au Luthuli ukisema tu "nipe Y" unaweza ukapewa ile ya jeki ndogo ya simu kwenda RCA mbili, ambayo hiyo haigawi chochote, inatenganisha kushoto na kulia basi. Angalia jeki ikae kwa kubana, isiwe inacheza cheza, na nunua fupi. Dhahabu na mikanda ya rangi usilipie. Na ukitaka kufanya kinyume, yani DAC mbili kwenda amplifaya moja kwa huo huo waya wa Y, usithubutu! Matokeo mawili yakiunganishwa yanasukumana yenyewe kwa yenyewe, sauti inapinda na unaweza ukaua kifaa.

Sasa lile jambo la kwanza linaloharibu. Amplifaya iliyozimwa. Watu wanachomeka zote mbili, wanawasha moja, wanasikia sauti imekuwa na mikwaruzo wanalaumu waya. Kwenye milango ya amplifaya nyingi kuna dayodi (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja) za kulinda saketi, na ikiwa haina umeme hizo dayodi zinaweza kuanza kupitisha sauti ikifika kama volti 0.6, wakati DAC yako kwenye RCA inatoa volti 2, kwa hiyo vilele vya muziki vinakatwa, na vinakatwa kwenye laini yote hata upande wa ile inayowaka. Sio zote zina tabia hiyo, zingine zina relei, yani swichi zinazoendeshwa na umeme, zinazotenga mlango. Kupima ni rahisi: weka wimbo wenye piano au sauti ya mtu peke yake, sikiliza kwenye amplifaya A, mwambie mtu azime B huku unasikiliza. Ukisikia mabadiliko, basi B iache inawaka au ichomoe, au nenda namba 3.

Namba 3: boksi la swichi lisilotumia umeme. Hizi ni za Nobsound, Douk na wenzake, swichi tupu ndani ya kasha la chuma, mlango mmoja kwenda mbili au zaidi. Kwa mwenye amplifaya yenye tatizo la dayodi hii ndo namba 1 yake, kwa sababu ile isiyotumika inakatwa kabisa. Shusha volyumu kabla ya kugeuza swichi, hasa kama una valvu au hedifoni nyepesi. Wengine wanachukua Schiit Sys ambayo ina mlango wa kuingia mara mbili na kutoka mara moja, wanaigeuza kinyumenyume itumike kugawa. Msifanye hivyo jamani, ile ina kitufe cha volyumu ndani, ukiilisha kwa mgongoni ukashusha volyumu unakuwa unaifunga DAC yako kwenye ardhi moja kwa moja, yani shoti.

Jambo la pili ni mngurumo, ule "mmmmm" wa chini unaotokea ukichomeka amplifaya ya pili. Hapo ardhi za umeme zimefanya duara: kompyuta ina plagi yake ya pini tatu, amplifaya hii ina yake, ile ina yake, na waya wa sauti umeziunganisha zote. Boksi nyingi za swichi hazikati ardhi, zinakata waya wa sauti tu, kwa hiyo usitegemee zikuponye. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja kwanza. Alafu chomoa chaja ya laptopu usikie kama mngurumo umekufa, ukifa basi tumia waya wa optiko kutoka kompyuta kwenda DAC, mwanga haupitishi ardhi. Transfoma za kutenganisha kama Behringer HD400 zinaponya pia ila transfoma za bei rahisi zinachoka kwenye besi nzito, ndo maana nimeziweka mwisho wa tiba. Na pini ya ardhi ya plagi usikate hata fundi akikwambia.

Namba 4: amplifaya ya kugawa yenye milango mingi. Hii ni ya studio, kwaya, podikasti, sio ya mtu mmoja chumbani. Behringer HA400 inalisha hedifoni nne kila moja na volyumu yake, PreSonus HP4 vile vile nne, Behringer HA8000 ni nane. Hapo hauhitaji kugawa laini kwa waya kabisa. Kwa kurekodi ziko poa sana, kwa kusikiliza kwa starehe na vihedifoni vya sikioni vyenye usikivu mkali, HA400 utasikia upepo, ule mlio wa "shshsh", nyuma ya muziki.

Namba 5: kupitisha amplifaya moja kwenda nyingine. JDS Labs Atom na Schiit Magni zina tokeo la nyuma, ila linafuata volyumu ya mbele, na ya kwanza lazima iwake. Inafaa kwa spika zaidi kuliko amplifaya ya pili.

Ya mwisho kabisa: splita ya jeki ndogo ya hedifoni kwenye simu au laptopu. Hapa sio laini tena, unagawa nguvu. Ukiweka Sennheiser HD 600 ya ohm 300 pamoja na Audio-Technica M50x ya ohm 38, mmoja atalia sauti ndogo mwingine masikio yanamuuma, na hamna namna ya kurekebisha mmoja bila kumgusa mwenzie. Kwa kutazama muvi wawili kwenye basi, sawa. Kama hedifoni zinafanana kabisa, sawa zaidi.